Shangazi Anajibu: Tisa Desemba na watoto nyumbani

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, sikukuu ya Uhuru, na wengi walioandika ni wa hapa hapa Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka Muheza. Nadhani ni kwasababu shule zinakuwa zimefungwa, watoto wako ndani kutwa nzima, joto lenyewe la Desemba mnalijua, sasa mzazi anajikuta anaulizwa maswali ambayo hata yeye alipita nayo juu juu darasani. Nimechagua matano. Yule wa Mabokweni aliyeuliza bei ya keki ya bendera, mwanangu nenda kaulize kwa waoka keki, mimi hiyo siiwezi.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Chumbageni. Mwaka jana siku ya Uhuru wangu wa kati, ana miaka 8, akaniuliza mama leo sikukuu gani mbona hakuna nguo mpya hakuna pilau hatwendi popote, nikamwambia ya Uhuru, akasema uhuru ndo nini, nikakwama. Nyumbani tunae baba mkwe, ana miaka 76, yeye alikuwepo, lakini ukimuuliza anasema aah mambo ya zamani hayo, basi. Nifanyeje mwaka huu waielewe hii siku? Hela sina nyingi.

Marahaba mama. Hela weka pembeni kwanza, hapa haina kazi kubwa. Mzee wa miaka 76 siku bendera inapanda alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, mkubwa kuliko huyo wako anayekuuliza, kwahiyo kukumbuka anakumbuka, tatizo ni swali mnalompa. Ukimwambia mzee "tuhadithie uhuru" unamtaka atoe hotuba, na wazee wetu hotuba walishawaachia kina Mwalimu. Muulize vidogo vidogo, tena muulize akiwa na kikombe cha chai mkononi sio wakati wa taarifa ya habari. Asubuhi mlikuwa mnakunywa chai na nini? Shule ulikwenda na viatu au peku? Dukani mlikuwa mnatumwa kitu gani? Baba yako alifanya kazi wapi?

Hilo la mwisho kwa Tanga yetu jibu lake mara nyingi ni mkonge, na likishatoka neno mkonge mama kaa chini usinyanyuke kuepua sufuria, mwache mzee aende nalo. Kwenye mashamba ya mkonge kila mfanyakazi alikuwa na kipande chake, kadi ile, siku ya kazi inatiwa alama, zikitimia siku 30 ndo anahesabiwa mshahara, umeugua umelala hiyo siku yako haimo. Na waliokata mkonge wengi hawakuwa watu wa huku, walitoka Kigoma, Songea, Umakonde, wengine Burundi na Msumbiji, wameletwa na mikataba kama manamba, mkataba ukaisha wakabaki, wakaoa, wakajenga Ngamiani na Pongwe, ndo babu zetu hao. Mtoto akisikia kwamba baba yake babu alikuwa anahesabiwa siku kwa kadi na mzungu wa shamba, neno uhuru litamuingia hata kabla hujalieleza.

Alafu fungueni makasha. Nyumba za wazee hapa hazikosi senti za zamani zenye tundu katikati, zile za Afrika Mashariki. Mpe mtoto aishike, aisome, atakuta jina la mfalme George au malkia Elizabeth, sasa muulize, kwanini hela ya kununulia mandazi Tanga ina jina la mtu wa London? Halafu nyamaza. Wazazi tuna haraka sana ya kujibu maswali tuliyouliza wenyewe. Akichoka kufikiria ndo umwambie kwamba hata baada ya bendera yetu kupanda hela ilibaki ile ile kwa muda, shilingi ya Tanzania ilikuja 1966.

Na hadithi yenyewe unaweza kuisimulia huku unachambua mchele, wala huhitaji kitabu kwasababu nusu yake imetokea hapa hapa. Anza na Pangani, Abushiri bin Salim alivyowakatalia Wajerumani 1888 akapigana nao, wakamkamata wakamnyonga hapo hapo Pangani Desemba 1889. Kisha uje Raskazone, hapa watoto watacheka, Novemba 1914 Waingereza walishuka na jeshi la watu kama 8,000 wengi wao wametolewa India, Wajerumani pamoja na askari wao wa Kiafrika hawakufika hata robo ya hao, na bado Waingereza wakachapwa, wakarudi melini wameacha bunduki na risasi ufukweni, na nyuki nao wakatoka mizingani wakawauma, mpaka leo Wazungu wenyewe wanaiita vita ya nyuki. Wakimaliza kucheka waambie hao walikuwa watu wawili wanagombania nyumba na mwenye nyumba hakuulizwa. Baadae Wajerumani wakashindwa vita yote, Waingereza wakaichukua Tanganyika, wakakaa mpaka TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akaenda mpaka Umoja wa Mataifa New York kuidai nchi, na 9 Desemba 1961 tukapata. Mwaka mmoja baadae tarehe hiyo hiyo tukawa Jamhuri, mkuu wa nchi akawa Mwalimu kama rais badala ya malkia wa Uingereza, ndo maana hiyo siku ina mambo mawili ndani yake na watu huwa wanalisahau la pili.

Usiku wake mfanye mchezo. Usiku ule wa Uhuru Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge juu kabisa ya Kilimanjaro, kile kilele ambacho Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao sisi tukakiita Uhuru. Basi chukua kopo, funga karatasi ya njano na nyekundu juu yake, ingiza tochi ya simu ndani, huo mwenge. Zima taa nyumba nzima, mdogo kuliko wote ndo Nyirenda, apande juu ya kiti huku babu amemshika, akifika juu washa taa wote mpige makofi. Mshumaa marufuku, kibatari marufuku, mapazia yetu ya nailoni mnayajua yanavyoshika moto. Ukinisikiliza umpe babu kazi ya kuhesabu tano nne tatu mbili moja, akishaingia kwenye mchezo hutamnyamazisha tena mpaka saa nne.

Shangazi, mimi ni baba wa watoto wawili, nafanya kazi bandarini. Mke wangu kanunua kitambaa cha bendera anataka atandike mezani siku hiyo, jirani kamwambia ni kosa kubwa atafungwa. Pia watoto wanachora bendera kila mmoja kivyake, mwingine kaweka bluu juu, mwingine kaweka juu kijani. Ipi sahihi?

Kaka, nianze na la watoto. Upande wa mlingoti ni kushoto kwako. Mstari mweusi unaanzia kona ya chini kushoto unapanda mpaka kona ya juu kulia, pembeni yake una mistari miwili myembamba ya dhahabu, mmoja huku mmoja huku. Kijani kinakaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili. Aliyeweka bluu juu kaipindua. Maana zake sisi tulifundishwa kijani ni ardhi na mimea, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu wenyewe, bluu ni maji, bahari, maziwa na mito, na mtoto wa Tanga hiyo bluu usimfafanulie mpeleke tu pale bustani ya Jamhuri jioni aione.

Ila kama mnataka kuwa wakali wa historia, bendera iliyopanda siku yenyewe ya Uhuru haikuwa hii. Ile ya Tanganyika ilikuwa kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na vistari vya dhahabu vikitenganisha, bluu haikuwemo. Bluu imekuja 1964 baada ya kuungana na Zanzibar. Waache watoto wachore zote mbili wazibandike sebuleni moja kushoto moja kulia, wageni wakija kazi ya watoto ni kueleza kwanini ziko mbili. Hiyo peke yake inakula asubuhi nzima na inagharimu karatasi za manila na rangi za maji.

Kuhusu meza sasa. Shemeji wangu asiogope kufungwa lakini jirani hajakosea sana, bendera ya Taifa ina sheria yake na hata bila sheria sio kitu cha kumwagiwa mchuzi. Kama ni kitambaa cha rangi nne tu kimekatwa katwa maua, tandikeni. Kama kimechapwa bendera kamili ilivyo, kitundikeni ukutani kwa heshima, mezani wekeni kanga, nani Tanga amekosa kanga ya kutandika? Na kitu kimoja cha bure kabisa ambacho watoto wa siku hizi hawakijui, saa kumi na mbili jioni bendera ikishushwa kwenye ofisi za serikali au kituo cha polisi watu walio karibu wanasimama, mwenye baiskeli anashuka, mpaka imalizike. Wapelekeni siku moja wakaone. Mimi huwa naona aibu mtu mzima anapopita anaongea na simu, na wapo wengi.

Shangazi nisaidie, nina vijana wawili, mmoja kamaliza form four mwingine yuko chuo, huku Muheza. Nikisema tukae pamoja siku ya Uhuru wanasema uhuru gani mama, ajira hakuna, hiyo ni siku ya wanasiasa. Baba yao anawaka, mwaka jana tulikula kila mtu chumbani kwake.

Dada pole. Huyo mzee mwambie apunguze moto, kijana anayeuliza uhuru gani yuko ndani ya sikukuu kuliko yule anayelala mpaka saa saba. Swali lake ni la haki. Mwalimu mwenyewe hakusema kazi imeisha, alisema maadui ni watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na akasema hao ndo tunaanza nao sasa. Kwahiyo mkae mezani muwaite hao maadui mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa ukoo wenu yupi kapigwa na yupi bado anatembea mtaani. Wewe anza na mama yako na bibi yako, walijua kusoma? Walijifungulia wapi? Watoto wangapi walizikwa kabla ya kutembea? Mwalimu alikuwa akisema Waingereza walituachia nchi ambayo watu wazima 85 katika 100 hawajui kusoma, na wahandisi 2 na madaktari 12, nchi nzima hii. Mwambie huyo wa chuo ahesabu kwenye kundi lake la WhatsApp tu.

Alafu akija na umaskini na ajira usimkatize. Hapo hana kosa, na ukimwambia "sisi zamani tulikuwa tunashukuru" umempoteza, atarudi chumbani. Muulize angekuwa yeye ndo amekabidhiwa hiyo nchi yenye madaktari 12 angeanza na nini. Mimi hili nimeliona kwa wajukuu, wakipewa nchi ya kuongoza kwa nusu saa wanabishana wenyewe kwa wenyewe na wewe unakunywa chai yako. Baba yao apewe kazi ya kuwa spika, atulize wabunge, maana kukaa kimya hawezi.

Na usiwalazimishe gwaride la kwenye tivii. Kama wanataka kuangalia mpira waangalie. Halaiki na gwaride ni vizuri kwa wadogo wanaopenda kuona wanajeshi wakitembea pamoja. Kijana mkubwa mpe jiko, mwambie leo kuku ni wako, na huyo form four apande mchungwa hapo uani, nyie watu wa Muheza machungwa ndo jina lenu, mwakani mnapima umekua kiasi gani. Mwaka 2015 sherehe za kitaifa zilifutwa nchi nzima ikaambiwa ifanye usafi, watu walilalamika lakini mitaro ya mtaani kwetu ilipumua, kwahiyo kazi za mikono siku ya Uhuru sio jambo la ajabu.

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi mtu wa Tanga, mume wangu Mpemba wa Wete, tuna watoto wanne. Kila Desemba mume wangu ananiambia hiyo sikukuu yenu nyie Watanganyika, mimi yangu Januari. Anasema kwa utani lakini watoto wameanza kugawana, wawili wa baba wawili wa mama. Nifanyeje?

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza shemeji hajasema uongo. Tarehe 9 Desemba 1961 aliyepata uhuru ni Tanganyika, Zanzibar walipata wa kwao kwa Waingereza 10 Desemba 1963, mwezi mmoja tu baadae, 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi, na Muungano ni 26 Aprili 1964. Nyumba yako ina bahati ya sikukuu tatu na nyinyi mnagombania moja.

Fanya hivi. Tisa Desemba wewe ndo mwenyeji, baba ni mgeni rasmi, na mgeni rasmi anapewa kiti na anahudumiwa, watoto wote wanne ni wako siku hiyo. Kumi na mbili Januari mnageuza, yeye mwenyeji, apike au asimamie kupikwa anachokijua kwao, wewe ukae kiti cha mgeni uulize maswali, tena uulize kweli kweli. Ila nikuonye kwa upole, Januari ya 64 kila ukoo una kumbukumbu yake, wengine wanasimulia kwa fahari, wengine kuna watu wao hawakuonekana tena, kwahiyo usimwambie mume wako atoe hadithi mbele ya watoto kabla hujajua ya nyumbani kwao ikoje. Mkae wawili kwanza. Akitaka kusema atasema, asipotaka siku itatosha kwa chakula na wimbo wa Taifa na simu kwa bibi Wete.

Ishirini na sita Aprili ndo ya nyote. Mnaijua ile picha ya Mwalimu anachanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar 1964? Basi mtu wa Wete anayekuja na boti mwambieni alete mfuko mdogo wa udongo wa uani kwa bibi, nyie mchukue wa hapa kwenu, watoto wauchanganye kwenye ndoo iliyotoboka, mpande mpilipili. Wale wawili wa baba wamwagilie siku za mama, wa mama wamwagilie siku za baba. Utani wa mume wako muache, Tanga na Pemba wametaniana toka enzi za majahazi. Wewe kinachokuhusu ni watoto wasije wakaamini.

Shangazi, kwa kifupi tu, siku ya Uhuru tupike nini? Kila mtu pilau pilau nimechoka.

Na mimi pilau nimeichoka siku hiyo, pilau ina sikukuu zake. Pika vya kwenu. Kama ni Mdigo songa bada la muhogo na mchuzi wa samaki, watoto wa siku hizi hawalijui, wanakula ugali wa sembe tu kama vile muhogo ni chakula cha njaa. Kama babu zenu ni wa bara, pika cha bara, ndo siku yake hasa. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, mchana samaki wa kupaka ukiweza, usipoweza dagaa wa nazi wanatosha. Jioni kachori na mihogo ya kukaanga na chachandu, chachandu ya watoto tenga kabla hujatia pilipili.

Kuna mmoja kaniuliza sahani ya rangi za bendera. Inawezekana, mchicha au kisamvu ndo kijani, embe ndo dhahabu na Desemba maembe yapo, tende ndo nyeusi. Bluu mimi sijaona chakula cha bluu cha kumlisha mtoto, ile rangi ya dukani ya kwenye chupa usiitie kwenye wali. Tafuta sahani ya plastiki ya bluu uvipange humo, kwisha. Na juisi ya ukwaju kwa joto hili inafaa, punguza sukari, na iwekwe kwenye barafu mapema maana umeme siku hiyo hauaminiki.